Asiyetufaa Wala Kutudhuru

Mtu akimwua mbuzi wa jirani huulizwa sababu. Akikata mwembe usio wake huitwa barazani. Lakini akimwua nyoka hakuna amwulizaye neno. Pengine husifiwa, na watoto humzunguka wakitazama mzoga unavyoning'inia juu ya fimbo. Hatuulizi nyoka yule alikuwa wa aina gani, wala alikuwa akifanya nini, wala alikuwa akielekea wapi. Kuitwa nyoka kumetosha kuwa hukumu yake. Juma hili twawaomba wasomaji wetu wakae nasi kitambo katika jambo hili, ambalo kwa macho ni dogo, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo si dogo hata kidogo: kiumbe asiyetufaa wala kutudhuru, je, tuna wajibu wowote kwake?

Swali la namna hii halijibiwi vizuri hewani. Yafaa tumchukue kiumbe mmoja aliye hai, tumweke mbele yetu, tumtazame.

Katika milima ya Uluguru, inayosimama kusini ya mji wa Morogoro na kuinuka zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, yuko nyoka mmoja mdogo ambaye wengi wa majirani zake hawajapata kumwona. Ni mwembamba, na rangi yake ni kahawia kama majani makavu anamoishi. Urefu wake si mkubwa. Aliyekwisha kukua ni wa dhiraa moja hivi, yaani kama kutoka kiwiko cha mkono mpaka ncha za vidole. Hukaa chini, katika majani yaliyooza na chini ya magogo, mahali penye kivuli na unyevu. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Makao yake katika dunia nzima ni misitu ya milima ya Tanzania, hiyo Uluguru, na pia Udzungwa iliyo upande wa kusini magharibi. Kiswahili chetu, chenye majina ya chatu, koboko, swila na moma, hakikumpa jina lake peke yake. Wataalamu humwita Buhoma procterae. Sisi tutamwita nyoka wa msitu wa Uluguru.

Jina hilo la kitaalamu lina habari yake. Mwaka 1922 Mwingereza Arthur Loveridge, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya wanyama pori ya Tanganyika, alimwandika nyoka huyu kwa mara ya kwanza katika vitabu vya elimu ya wanyama. Alimpa jina kwa heshima ya mwanamke kijana wa London, Joan Beauchamp Procter, aliyejitoa kujifunza habari za wanyama watambaao. Kwa muda wa miaka 75 nyoka huyu alihesabiwa kuwa wa jamii moja na nyoka fulani wa kisiwa cha Madagaska. Mwaka 1997 wataalamu walimtoa huko, wakamweka katika jamii ya pekee pamoja na ndugu zake wachache wa bara la Afrika. Na baada ya hapo hawakukosa kubishana ni wa ukoo gani hasa katika mlango mkubwa wa nyoka. Waluguru, ambao kwao mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake, pengine wangemwona kuwa mgeni asiyeweza kutaja kwao.

Basi huyu ndiye mshitakiwa wetu. Tumwulize kila mtu anayepita: ana kosa gani? Na ana faida gani? Tutaona kwamba maswali hayo mawili yote hayana jibu, na hapo ndipo shida inapoanza.

Kwa kawaida wanaotaka kuwatetea nyoka husema hivi: "Msiwaue, kwa maana wanakula panya wa ghalani." Ni kweli kwa nyoka wengi, na mkulima mwenye busara hulijua jambo hilo. Wengine husema: "Msiwaue, kwa maana sumu yao hutumika kutengeneza dawa." Hilo nalo ni kweli kwa nyoka kadha wa kadha, hata dawa ya kumponya aliyeumwa hutengenezwa kwa kutumia sumu ile ile. Lakini nyoka wetu wa Uluguru haishi katika ghala ya mtu yeyote, bali msituni. Hana sumu ya kupeleka maabara. Ngozi yake haitoshi hata mkanda wa mtoto. Mtalii hatatoka ng'ambo na kupanda mlima siku nzima ili atazame majani makavu, na chini yake kitu chenye rangi ya majani makavu. Utetezi wote tuliouzoea wamfikia na kumpita. Tukisema kwamba thamani ya kiumbe ni faida yake kwetu, huyu hana kitu. Na siku akitoweka, hakuna mfuko utakaopungua.

Kabla ya kwenda mbele yatupasa kuisikiliza sauti moja ya haki. Msomaji wetu wa shamba atasema: "Ninyi waandishi mwakaa mezani. Mimi natembea alfajiri katika nyasi ndefu, miguu mitupu, na mtoto mgongoni. Mwaniambia nimpime nyoka kwa vitabu?" Hatuwezi kulicheka neno hilo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, likakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Na wengi zaidi hubaki na vilema. Wanaokufa si matajiri. Ni wakulima, wachungaji na watoto, walio mbali na hospitali, mahali ambapo dawa haipo au bei yake ni kubwa kuliko mavuno ya msimu. Hofu ya watu hawa ina makaburi nyuma yake. Wahenga walikwisha sema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wala hawakumlaumu kwa kushtuka.

Kwa hiyo twasema waziwazi: mama aliyemkuta nyoka karibu na mkeka wa mtoto hana wakati wa kumwuliza ukoo. Akimpiga, hakukosa. Uhai wa mtoto watangulia, na ujinga wa dakika ile si ujinga wa kulaumiwa. Hofu yenyewe si dhambi. Tumepewa hofu kama tulivyopewa macho, itulinde.

Lakini tutazame vizuri methali ile. Mtu anapoona ung'ongo hushtuka, halafu hufanya nini? Mwenye akili huangalia tena, akaona kwamba ni ukuti tu, akaendelea na safari yake, pengine akijicheka mwenyewe. Kushtuka ni kwa mwili. Kuangalia tena ni kwa akili. Mtu asiyetaka kuangalia tena, ambaye hofu yake imekuwa sheria yake, huyo amekwisha vuka mpaka. Tangu hapo haongozwi na hatari, maana hatari haipo. Aongozwa na mazoea. Na mazoea hayatofautishi njia ya nyumbani na kilindi cha msitu. Mkata kuni anayeligeuza gogo katikati ya msitu, akamwona nyoka mwembamba anayekimbia kujificha, akamfuata mpaka amemponda, hawezi kusema kwamba alimlinda mtoto wake. Nyoka yule alikuwa kwake. Aliyeingia ni mwenye shoka.

Huko msituni husikika hoja moja fupi: "Nyoka ni nyoka." Maana yake ni kwamba moma aliua mtu, na huyu anafanana na moma, kwa hiyo huyu naye afe. Watu huongeza kusema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo ni ya kweli kwa tenga la samaki waliokufa. Haikutungwa kwa ajili ya kuhukumu walio hai. Na sisi tunaosema hivyo juu ya nyoka, tukumbuke ni mara ngapi maneno hayo hayo yamesemwa juu yetu. Mtu wa kabila fulani ameiba, basi wote ni wezi. Kijana mmoja wa mtaa ule amepigana, basi vijana wote wa mtaa ule wafungiwe mlango. Katika nchi zetu wazee, hasa wanawake wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, wamepata kuuawa kwa kuwa sura zao zilifanana na sura za wachawi katika mawazo ya watu. Hatusemi kwamba nyoka ni sawa na bibi kizee. Mungu atuepushe na upuuzi huo. Twasema kwamba mkono unaozoea kuhukumu kwa kufanana hauwezi kujua vizuri mahali pa kukoma.

Tena Maandiko yenyewe hayakumpa nyoka uso mmoja tu. Wengi wetu twamkumbuka yule wa bustani ya Edeni, nasi twamlipiza kisasi kila nyoka tunayemkuta, kana kwamba huyu mdogo wa Uluguru alikuwapo penye mti ule. Twasahau nyoka wa shaba ambaye Musa alimwinua jangwani ili walioumwa wamtazame wakapone. Twasahau pia kwamba Bwana wetu, alipowatuma wanafunzi wake, hakuona haya kuwatajia nyoka kuwa mfano wa busara. Mwovu wa hadithi ile ni Shetani. Kumponda mjusi au nyoka kwa ajili ya Shetani ni kumwacha mwenye deni na kumkamata anayefanana na kivuli chake.

Hata hivyo fimbo si adui mkubwa wa nyoka huyu. Watu wachache tu humwona, na ambao hawamwoni hawawezi kumpiga. Yeye hufa kwa njia nyingine isiyo na kelele: miti ikatwapo, jua likaingia, majani yakakauka na udongo ukawa mgumu, hana tena pa kuishi. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Hakuna hata aliyejua kwamba yuko. Hapo twaona kwamba jambo letu limekuwa zito zaidi, kwa maana mtu anayeua kwa chuki aweza kukatazwa, lakini anayeua bila kujua hata hajisikii kuulizwa.

Misitu ya Uluguru haikosi walinzi, na sababu yake ni nzuri. Mito ya milima hiyo huingia katika mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na watu wengi wa Dar es Salaam. Mwaka 2008 sehemu za msitu wa juu, hekta zaidi ya 24,000, ziliunganishwa na kutangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Nyoka wetu amepata usalama humo kama mtu maskini anayejikinga mvua chini ya paa la tajiri: paa halikujengwa kwa ajili yake, lakini halimkatai. Twashukuru. Ila tuulize swali moja: ingekuwaje kama maji na nyoka vingegombana?

Swali hilo si la kubuni. Katika milima ya Udzungwa, ambako nyoka huyu naye ana makao, mto Kihansi huanguka kwa nguvu katika bonde jembamba, na zamani maporomoko hayo yalitoa manyunyu mchana na usiku. Mwaka 1996 wataalamu waligundua hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Chura huyo aliishi katika manyunyu yale tu, pahali pa hekta mbili hivi, na hakujulikana kuwako popote pengine duniani. Lakini kazi ya kujenga kituo cha umeme cha megawati 180 ilikuwa imekwisha anza. Maji yalipogeuzwa njia kwenda kwenye mitambo, manyunyu yalikatika. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa ili kuokoa kilichobaki. Ugonjwa wa kuvu nao ukaja. Na baada ya miaka michache vyura hawakuonekana tena. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wamekwisha katika makao yao ya asili. Waliosalia ni wale mia tano hivi waliokuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, pamoja na uzao wao. Walilelewa huko, na tangu mwaka 2012 baadhi yao wamerudishwa Kihansi.

Wengi walicheka habari ile. Walisema: taifa zima likae gizani kwa ajili ya chura? Kicheko hicho twakielewa. Wodi ya wazazi yahitaji taa. Shule yahitaji taa. Na mtu mwenye taa mbili nyumbani hana haki ya kumhubiria asiye na moja. Wala hatusemi kwamba umeme ule haukufaa kujengwa. Twasema tu kwamba kicheko si hoja. Aliyecheka alidhani kwamba amekwisha pima vitu viwili katika mizani, kumbe katika kitanga kimoja hakuweka kitu. Alipima umeme na utupu, kwa kuwa hakukubali kwamba chura ni kitu. Mpimaji wa haki angesema: huku kuna taa za watu, na huku kuna kiumbe asiye na mwenziwe duniani, tukilazimika kuchagua tutachagua, lakini kwanza tutafute njia ya kuvipata vyote viwili, na tukikosa, tutajua kwamba tumepoteza. Mtu aliyepoteza akajua aweza kutengeneza. Asiyejua kwamba amepoteza atapoteza tena kesho.

Sasa tuingie katika msingi wenyewe. Kiumbe huyu amepata wapi haki ya kuwekwa katika mizani?

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba ukatili kwa wanyama wakatazwa kwa sababu humzoeza mtu kuwa mkatili kwa watu. Fundisho hilo ni la kweli, na juu tumelitumia wenyewe. Lakini lina upungufu mmoja kwa swali letu: lamfanya mnyama kuwa kama ukuta ambao mtoto hukatazwa kuupiga mawe asije akazoea kurusha mawe. Thamani yote hubaki kwa mtoto. Ukuta hauna neno. Ila Toma yule yule alifundisha pia jambo la pili, nalo huenda mbali zaidi. Aliuliza kwa nini Mungu aliumba vitu vingi vya namna nyingi, wala si kimoja. Akajibu kwamba hakuna kiumbe kimoja kiwezacho kuuonyesha wema wa Muumba peke yake. Yale ambayo kimoja chapungukiwa, kingine hujaza. Kwa fundisho hilo nyoka mdogo wa Uluguru haombi ruhusa kwetu ili awe na maana. Ana neno lake la kusema ambalo simba hawezi kulisema kwa niaba yake, wala mwanadamu. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alilikazia jambo hilo kwa kufundisha kwamba viumbe vina thamani yao vyenyewe, mbali na faida wanayoipata watu.

Na asiye wa imani yetu aweza kufika karibu na hapo kwa njia ya akili tu. Amtazame nyoka huyu anavyojificha chini ya gogo. Anatafuta chakula chake, anakimbia hatari yake, anazaa wana wa namna yake. Alifanya hivyo kabla ya shoka la kwanza kupanda Uluguru. Maisha yake yana shabaha yake mwenyewe, na shabaha hiyo si sisi. Mtu anayekutana na kitu kilichokuwako bila yeye, na kisichomhitaji, hupata kujua kipimo cha ukubwa wake. Ni somo zuri kwa kizazi kilichozoea kuuliza kila kitu, "Nitapata nini?"

Lakini tusije tukamtwika maskini mzigo wa somo hilo. Wako wapendao milima kwa mbali, na kutaka walio karibu waulipie upendo huo. Uluguru yakumbuka jambo hilo. Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, eti kuuokoa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na watu walilalamika kwamba udongo wa chini usio na rutuba waletwa juu. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 palitokea ghasia, na mpango ule ukaachwa. Nia ya kuilinda milima haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa katika kumwamuru mwenye jembe bila kumwuliza analojua. Basi yeyote atakayesema leo kwamba msitu wa nyoka usiguswe, na aseme pia mkulima wa kando ya msitu atalima wapi, atapika kwa kuni gani, na atapata sehemu gani ya fedha za maji yatokayo kwake. Wajibu wetu kwa kiumbe mdogo ni wajibu wa wote, na mji unaokunywa maji ya mlima una deni kubwa kuliko kijiji kinachoulinda.

Tumesema kwamba mkono unaohukumu kwa kufanana haujui kukoma. Ndivyo ilivyo pia kwa jicho linalopima kwa faida. Linaanzia msituni, halafu hurudi nyumbani. Siku moja lamtazama babu aliyelala kitandani, asiyeweza tena kushika jembe, na kuuliza: huyu anatufaa nini? Lamtazama mtoto aliyezaliwa na kilema, lauliza vile vile. Watu hawa ni zaidi ya nyoka mara elfu; thamani ya mtu ni ya daraja nyingine kabisa. Lakini swali linaloulizwa ni lile lile, na mtu aliyelizoea kwa vitu vyote vingine atashangaa kuliona linatoka kinywani mwake mbele ya kitanda cha baba yake.

Hapa twamkumbuka tena yule mwanamke ambaye jina lake limebebwa na nyoka wetu. Joan Procter aliteswa na maradhi tangu utotoni, hata masomo ya chuo kikuu yakamshinda kwa sababu ya afya. Mpima faida angemwandika katika hesabu ya hasara. Lakini mwaka 1923 alikabidhiwa wanyama watambaao wa bustani ya wanyama ya London. Akachora mpango wa nyumba yao mpya, iliyofunguliwa mwaka 1927. Akamzoeza joka mkubwa wa kisiwa cha Komodo hata akawa akitembea naye mbele ya watu kama mtu na mbwa wake. Alifariki mwaka 1931, umri wake miaka 34. Mtu dhaifu aliwatunza viumbe wanaochukiwa, naye akakumbukwa kwa kiumbe asiyejulikana. Hatujui kama kuna heshima iliyo safi kuliko hiyo, kwa maana haikuweza kumletea faida yoyote.

Turudi basi kwenye swali letu la kwanza. Twajibu: ndiyo, tuna wajibu kwake, nao si mzito. Hatudai mtu amchukue nyoka nyumbani, wala amwache karibu na mtoto. Wajibu wa kwanza ni kuangalia tena baada ya kushtuka. Wa pili ni kumpisha anapokuwa kwake. Wa tatu ni kuwafundisha watoto kutofautisha, wawajue moma na swila na koboko kwa sura na mwendo, ili hofu yao ielekee mahali pake. Mwalimu anayefanya hivyo huokoa watoto na nyoka pamoja. Na wa nne ni kwamba tunapokaa kugawa ardhi, maji na miti, tumhesabu naye, hata kama mwishoni hatapata yote.

Ndugu msomaji, huenda hutamwona nyoka huyu maisha yako yote. Sasa hivi, wakati unapoikunja karatasi hii, yuko chini ya gogo fulani katika ukungu wa Uluguru, wala hajui kwamba tumemjadili. Hatakushukuru ukimwacha. Ndiyo sababu kumwacha kwako kutakuwa haki tupu, isiyochanganywa na malipo.